Oliech Mpya Hakutuahidi Kitu

Kila baada ya miaka michache, Dagoretti hupata Oliech mpya. Mara anatoka Kawangware, mara Ngando, mara Waithaka. Huwa ana miaka 14 au 15, si zaidi ya 17. Jezi imemzidi, njumu ni za kuazima, lakini mpira ukimfikia watu wananyamaza. Kabla msimu haujaisha, jina lake la kuzaliwa limeshapotea. Makanga wa 46 wanamwita Oliech. Muuza mutura anamwita Oliech. Mwalimu wa michezo anajaribu kutumia jina lililo kwenye rejista, baada ya wiki mbili na yeye anasalimu amri.

Mimi nimewaona kama wanne hivi. Hakuna aliyefika Ufaransa. Mmoja anaendesha boda, mmoja ni mwalimu, mmoja alienda Gulf kufanya kazi ya ulinzi, na wa nne sijui aliko. Maisha yao si mabaya kuliko ya sisi wengine tuliokuwa tunawashangilia. Lakini kila wanapopita mtaani, hata leo, wanasalimiwa kwa sentensi moja: "Manze, ulituangusha."

Neno hilo ndilo linalonisumbua. Ili mtu akuangushe, lazima awe alikuwa amekubeba. Na kama alikuwa amekubeba, nani alimpandia mgongoni? Hili kwangu ni swali la maadili kabla halijawa la soka. Tukimtarajia kijana makubwa, tukamsifu, tukamwimbia, tukamvisha jina la mtu mwingine, je, tunakuwa tunamdai? Na kama tunamdai, tulimkopesha nini?

Tuanze na mwenye jina. Dennis Oliech alizaliwa tarehe 2 Februari 1985, hapa Nairobi. Mwaka 2001 alikuwa anachezea Dagoretti Santos, timu ya mtaa iliyobeba jina moja na klabu ya Pelé kule Brazil. Ukiangalia, hata jina la timu lilikuwa tayari ni matarajio. Akapita Mathare United. Julai 2003, akiwa na miaka 18, alifunga bao la pekee dhidi ya Cape Verde pale Kasarani na Kenya ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka huohuo akaenda Qatar kuchezea Al-Arabi.

Kule Tunisia, mwanzoni mwa 2004, Harambee Stars walifungwa 3-1 na Mali, wakafungwa 3-0 na Senegal, kisha wakaichapa Burkina Faso 3-0. Oliech alifunga bao moja katika mechi hiyo. Ilikuwa tarehe 2 Februari, siku aliyotimiza miaka 19. Kenya haikuwa imewahi kushinda mechi katika fainali za mashindano hayo.

Sasa fikiria wewe una miaka 19 na umefanya hivyo. Kitu gani kinafuata katika akili za watu? Kinachofuata ni hesabu. Kama ametupeleka Tunisia akiwa mtoto, akikomaa atatupeleka Kombe la Dunia. Hakuna aliyeiandika hesabu hiyo mahali popote, lakini kila mtu aliijua.

Oliech akaenda Ulaya. Nantes, kisha Auxerre kuanzia 2007, kisha Ajaccio. Akiwa na Auxerre alicheza Ligi ya Mabingwa msimu wa 2010/11, katika kundi lililokuwa na Real Madrid, AC Milan na Ajax. Kwa timu ya taifa alimaliza na mabao 34. Ukimwonyesha mtu yeyote karatasi yenye rekodi hiyo bila jina, atakwambia huyo ni mtu aliyefanikiwa sana. Lakini kaa kwenye kibanda chochote cha mpira kati ya Dagoretti Corner na Uthiru, utaje jina lake, na hutakosa mzee mmoja wa kusema, "Huyo angefika mbali zaidi." Halafu mwingine anaongeza, "Kule Ufaransa alikuwa anakimbia, huku akija anatembea."

Kenya haikurudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika hadi 2019, kule Misri. Miaka 15. Oliech hakuwepo. Kwa watu wengi, miaka hiyo 15 iliandikwa kwenye daftari lake.

Ni vizuri tukumbuke kilichokuwa kikiendelea nje ya uwanja katika miaka hiyo. FIFA iliisimamisha Kenya mwaka 2004, miezi michache tu baada ya Tunisia. Ikaisimamisha tena mwaka 2006. Kisha tukawa na miaka ya vyama viwili vya soka, kila kimoja kikisema ndicho halali, vikipelekana mahakamani huku vilabu havijui vimtii nani. Fainali za 1996 tulikuwa tumepewa tuziandae, tukanyang'anywa kwa sababu hatukuwa tayari. CHAN ya 2018 tukapewa, ikaenda Moroko kwa sababu ileile. Mshambuliaji hawezi kufunga bao litakaloondoa marufuku ya FIFA. Hawezi kupiga kichwa mpira uingie kwenye ukaguzi wa hesabu za shirikisho. Lakini katibu wa shirikisho hatumjui sura, na Oliech tunamjua. Kwa hiyo lawama ikaenda mahali penye sura.

Hapo ndipo naanza kuona kasoro ya kwanza katika matarajio ya mashabiki. Tunachukua mzigo wa taasisi nzima, wa viwanja, makocha, nauli, ligi na uongozi, tunaufunga kwenye mgongo wa mtu mmoja mwenye kipaji, halafu akiinama tunasema ana mgongo dhaifu.

Kasoro ya pili iko kwenye wazo lenyewe la deni. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Nakubaliana nao kabisa. Ukiniahidi utakuja saa nne, una deni langu la kuja saa nne. Lakini methali hiyo inasema ahadi, haisemi tumaini. Ahadi hutolewa na mwenye kuahidi. Tumaini hutolewa na mwenye kutumaini. Mimi nikikaa kibarazani nikatumaini jirani yangu ataninunulia gari, jirani hana deni, hata nikitumaini kwa nguvu, hata mtaa mzima ukitumaini pamoja nami. Wingi wetu haugeuzi tumaini kuwa mkataba. Lakini hivyo ndivyo tunavyofanya na hawa vijana. Tunatumaini kwa pamoja, kwa kelele, mpaka kelele zinaonekana kama sahihi yake.

Najua jibu la haraka. Mtu atasema: hebu ngoja, sisi tunatoa. Shabiki analipa kiingilio. Analipa nauli ya kwenda Nyayo ama Kasarani, ananunua jezi. Mtaani watu wanachanga. Nimeona mchango wa njumu ukizunguka kwa daftari, huyu mia, yule hamsini, fundi wa viatu akashona bure. Hao wote hawana haki yoyote?

Wanayo. Nisingependa mtu asome haya afikiri nasema shabiki ni mtu wa pembeni asiye na neno. Aliyechanga ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu pesa yake. Ana haki ya kuona kijana akifanya mazoezi na kujituma uwanjani, na ana haki ya kukasirika akisikia mechi imeuzwa. Hayo yako ndani ya uwezo wa mchezaji. Lakini mchango wa njumu hununua njumu. Haununui matokeo, na haununui miaka kumi ijayo ya maisha ya mtu. Ukimlipia mtoto wa jirani karo akapata C badala ya A, hutamsimamisha barabarani akiwa na miaka 35 umwambie alikuangusha. Ungeonekana mtu wa ajabu. Kwenye mpira tunaona ni kawaida.

Wengine watasema tatizo ni umaskini, kwamba kijana wa Kawangware anabebeshwa mzigo kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutoka. Umaskini unachangia, ndiyo, lakini hautoshi kueleza. Angalia Marekani. Kule wana mpira wao wa mikono na kofia ngumu, na nafasi ya kwotabeki ndani yake: mtu mmoja anayepokea mpira kila shambulizi, anayeamua auрushe wapi, na ambaye ushindi na kushindwa huandikwa kwa jina lake. Mashabiki wa vyuo vikuu humfuatilia tangu akiwa shule ya upili.

Kuna mmoja anaitwa Arch Manning, wa Chuo Kikuu cha Texas. Babu yake alikuwa kwotabeki maarufu, na baba zake wadogo wawili, Peyton na Eli, ni mabingwa wa ligi kuu ya huko. Kabla ya msimu wa 2025, Texas iliorodheshwa namba moja nchini, na wengi walikuwa wameshampa yeye tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Alikuwa ameanza mechi mbili tu katika maisha yake ya chuo. Tarehe 30 Agosti walifungwa 14-7 na Ohio State, mabingwa watetezi, ugenini. Wiki mbili baadaye mashabiki wake mwenyewe walimzomea nyumbani, katika mechi ambayo Texas ilishinda.

Huyo si mtoto wa umaskini. Na tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na picha zao, kwa hiyo huwezi kusema anadhulumiwa senti. Pesa inabadilisha kitu, nakubali. Anayelipwa ana wajibu wa kazi: aamke, afanye mazoezi, ajifunze, asiwaongopee wenzake. Lakini hata yeye analipwa kwa kucheza. Hakuna mkataba unaoweza kumlazimisha mtu awe kile ambacho watu walikiota kumhusu kabla hajaanza mechi ya tatu. Kama deni hilo halipo kwa mtu anayelipwa mamilioni, basi haliwezi kuwepo kwa mtoto wa kidato cha tatu anayelipwa kwa kupigiwa makofi na soda.

Nisingeandika haya yote kama ingekuwa ni mjadala wa kibandani tu. Mwaka jana jirani yangu mmoja, mama anayeuza mboga karibu na stage, alinisimamisha jioni nikitoka kazini. Kijana wake, wakati huo kidato cha tatu, ndiye Oliech wa sasa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyejiita wakala. Alikuwa amekuja mara tatu akiwa amevaa tracksuit safi, akisema kuna majaribio nchi ya nje, kinachohitajika ni pesa za pasipoti, viza na "kushikilia nafasi." Alitaja kiasi kilichokuwa sawa na karo ya mwaka na zaidi. Mama alikuwa nayo, katika chama. Zamu yake ilikuwa imefika.

Nikamuuliza, "Mathe, wewe mwenyewe unaonaje?"

Akaniambia, "Mimi naona huyu mtu ni mwongo. Lakini mwanangu, watu wote hapa wanasema kijana ni Oliech. Nikikataa, kesho na keshokutwa si watasema mimi ndiye nilimuua nyota?"

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Mama alikuwa ameshauona uongo, na bado alikuwa karibu kutoa pesa, kwa sababu aliogopa watu wazuri. Walikuwa majirani waliokuwa wakimpongeza kila Jumapili, wale waliomwambia kwa upendo kabisa, "Mathe, usimfungie mtoto mlango." Hakuna aliyemtakia mabaya. Walichofanya ni kumsifu mtoto wake mpaka sifa zikawa bili, na bili ikaletwa kwenye meza yake ya sukuma wiki. Wakala wa uongo hakuhitaji kumshawishi mtu. Mtaa ulikuwa umeshamfanyia kazi hiyo bure.

Tuna methali ya zamani kuhusu sifa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tunaitumia kila siku, na kila siku tunamlaumu mgema. Amesifiwa, kichwa kimevimba, kazi imeharibika. Ni kweli wapo wagema wa hivyo, na wapo wachezaji wa hivyo. Lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza kuhusu wale waliokuwa wakisifu. Walikuwa wanasifu kwa sababu gani? Walitaka tembo. Sifa yao haikuwa zawadi kwa mgema, ilikuwa njia ya kuhakikisha kibuyu kinajaa kesho. Siku aliyoanguka mnazini, sijui ni wangapi walienda kumwangalia.

Tunajua ni wangapi, kwa kweli. Joe Kadenge, nyota wa Abaluhya FC, ile ambayo leo ni AFC Leopards, alisifiwa na redio kuliko mchezaji mwingine yeyote wa nchi hii. Leonard Mambo Mbotela akisema "Kadenge na mpira," nchi nzima ilisimama, na hadi leo mtu ambaye hakuwa amezaliwa anaisema sentensi hiyo. Kadenge huyohuyo baadaye aliendesha teksi hapa jijini kutafuta riziki. Kuendesha teksi si aibu, ni kazi. Lakini alipofariki Julai 2019, rambirambi zilimiminika kana kwamba wote waliozituma walikuwa wakipanda teksi yake kila wiki.

Adam Smith, yule mchumi wa Scotland, aliandika katika kitabu chake cha 1759 kuhusu maadili kwamba binadamu hatamani tu kusifiwa, anatamani pia kustahili sifa. Naona hapo kuna jambo la kusema kuhusu vijana wetu. Sifa ya kawaida huja nyuma ya tendo. Umefunga, tunakusifu, wewe mwenyewe unajua ulichofanya na unajua sifa inalingana nacho. Lakini kumwita mtu Oliech mpya ni kumsifu kwa mabao ambayo hajayafunga. Anapewa malipo ya kazi ya miaka kumi ijayo. Hawezi kuistahili sifa hiyo leo, haijalishi atacheza vizuri kiasi gani, kwa sababu tendo lenyewe bado halipo. Kwa hiyo anaishi kama mtu aliyeshika pesa ya wenyewe. Akifunga, amelipa riba tu. Akikosa, amekula pesa ya watu.

Mmoja wa wale wanne, yule mwalimu, aliwahi kuniambia kwamba kitu alichokipenda zaidi siku alipoacha mpira ni kusahau. Alisema, "Nilicheza mechi ya kirafiki na watoto wa shule, nikapiga shuti ikaenda nje kabisa, ikaingia kwa shamba la mtu. Nikacheka. Sikuwa nimecheka uwanjani tangu darasa la nane."

Basi nisemeje? Tuache kutumaini? Tukae uwanjani kama majaji, mikono kifuani, tusishangilie mtoto hadi afikishe miaka 25? Hapana. Mtaa usiotumaini kitu kwa watoto wake ni mtaa uliokufa, na Dagoretti haijafa. Kuna watoto ambao mtu wa kwanza kuwaambia wanaweza kitu alikuwa shabiki mlevi kwenye mstari wa uwanja. Kelele zile zilimfikisha Oliech wa kweli Santos, zikamfikisha Mathare. Sitaki zinyamaze.

Ninachosema ni kwamba tumelisoma deni upande usio wake. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa Kenya, Tanzania na Uganda, tuliona deni likiwa upande wake sahihi kwa mara moja. Rais aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Vijana wakaifunga DR Congo, wakaifunga Moroko, ambayo baadaye ilitwaa kombe. Dau likapandishwa hadi milioni 2.5 kwa mechi ya Zambia, wakashinda tena. Kabla ya robo fainali zikaongezwa nyumba za vyumba viwili. Wakatolewa na Madagaska kwa penalti.

Angalia nani alikuwa ameahidi. Wachezaji hawakuahidi nyumba, hawakuahidi kombe, hawakuahidi hata robo fainali. Walioahidi ni waliokuwa wakisifu. Kama ahadi ni deni, basi wadeni walikuwa jukwaani, wakiwa wamekaa. Na wale vijana waliokosa penalti usiku ule walikuwa hawana deni na mtu, ingawa nina hakika simu zao ziliwaambia vingine.

Nadhani kanuni hiyo inashuka hadi kwenye uwanja wa vumbi. Anayemwita mtoto wa mwenzake Oliech mpya ameahidi kitu, ajue au asijue. Amesema, wewe ni wetu. Basi na awe wake pia mtoto huyo akivunjika goti. Awe wake akiamua kwamba anapenda useremala. Ukisema mtoto ni wa mtaa, basi mtaa uulize kwa nini uwanja umegeuzwa maegesho, uulize nani anamlipa kocha, uulize wakala huyu ametoka wapi na ofisi yake iko wapi, badala ya kumwachia mama mmoja mwenye meza ya mboga aulize peke yake akiwa anaogopa kuitwa muuaji wa nyota. Ukishindwa kuyafanya hayo, huna haki ya kusema kuna mtu alikuangusha.

Mama nilimwambia hivyo kwa maneno machache zaidi. Nilimwambia, "Huna deni la mtu. Kijana naye hana." Nikampendekeza amwambie yule bwana alete barua ya klabu, na asiwe peke yake siku atakayoileta. Tulijipanga watu watatu, pamoja na mwalimu wake wa shule. Bwana wa tracksuit hakurudi. Pesa za chama zililipa karo. Wapo waliolalamika, na mmoja aliniambia mimi nimemharibia kijana nafasi. Nilimuuliza yeye alikuwa amechanga ngapi. Akacheka, akaondoka.

Kijana bado anacheza. Jumapili iliyopita alipoteza mipira mingi, akabadilishwa kipindi cha pili, akakaa kwenye nyasi akanywa maji. Nyuma yangu mtu akasema Oliech leo ameturudisha nyuma. Jina lake si Oliech. Nimeanza kumwita la kwake, na mwanzoni alikuwa hageuki.